Mvua Nne Alizopigwa Binti Yangu

Mimi na mvua ya Texas hatupatani. Hapa Lewisville inakaa miezi haionekani, kisha siku ikija inakuja na mawe, inabonyeza boneti ya gari na kwenda zake bila hata kuomba radhi. Kwa mdogo wangu Pearland ndiyo usiseme. Kule hainyeshi, inamwagwa, na baada ya muda mfupi barabara ya kwenda hospitali anakofanya kazi inataka mtumbwi. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia anatafuta kazi ya kupima mvua, nilicheka mpaka nikaweka kijiko chini.

"Mvua inapimwa?" nikamuuliza. "Mvua tunaikimbia, tunaanua nguo, basi."

Yeye kazaliwa hapa. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, na akiwa na hoja hicho Kiingereza kinakwenda mbio. Akanieleza kuwa kule kaskazini-magharibi mwa Marekani, kwenye hifadhi ya taifa ya milimani, kuna msitu wa mvua, lakini si wa joto, wa baridi. Upepo unatoka baharini umebeba unyevu, unagonga milima, unapanda, unapoa, unamwaga mzigo wote upande mmoja. Walio upande wa pili wanabaki kuangalia mawingu.

"Hayo unamfundisha nani?" nikamwambia. "Mimi mtoto wa Marangu. Sisi tulikuwa tunanyeshewa, wenzetu wa nyuma ya mlima wanameza vumbi."

Akafurahi. "Basi unaelewa!"

"Naelewa sana. Ndiyo maana nilihama."

Akaenda kwa majaribio, majuma machache tu. Wakampenda, wakamwomba abaki moja kwa moja. Alitakiwa kuwajibu kabla ya Ijumaa, na akaniambia bila baraka zangu hasaini kitu. Mimi sikusema ndiyo wala hapana. Nilimnyamazia, kile kimya chetu akina mama ambacho mtoto akikisikia anajirudi mwenyewe. Ni mtoto wangu wa pekee. Nilitaka arudi atafute kazi hapa jirani, Plano, kama mimi, kwenye ofisi yenye paa.

Wiki hiyo mama yangu alikuwa Pearland kwa mdogo wangu, kaja kutoka Marangu kututembelea. Asubuhi moja, nikiwa kwenye jiko dogo la ofisini nachovya majani ya chai, akanipigia simu analia.

"Mtoto kafungwa na wewe umenyamaza!"

"Mtoto yupi, mama?"

"Kwani una wangapi?"

Nikamuuliza kajuaje. Akasema mjukuu wake kamrekodia sauti, kwa mdomo wake mwenyewe, na mdogo wangu sasa hivi anatafuta wakili. Nikamwomba anisikilizishe. Akaiweka. "Bibi, shikamoo. Mimi niko salama, usijali. Ila tangu Jumatatu nimepigwa mvua nne."

Jamani! Mtoto wa watu kajitahidi Kiswahili, kahesabu mara alizolowa. Nani alimfundisha kwamba kwetu mtu akipigwa mvua nne, aliyezinyesha ni hakimu, na aliyepigwa atatoka gerezani baada ya miaka minne? Nilicheka mpaka mwenzangu mmoja akaja kuangalia kama niko salama.

"Mama, hajafungwa. Kanyeshewa."

"Kanyeshewa maji?"

"Maji, mama. Ndiyo kazi yake huko, anapima mvua. Wanataka abaki."

Akapenga kamasi. Nikamsikia akimpigia mdogo wangu kelele aachane na wakili. Kisha akarudi kwenye simu.

"Mbona sasa sauti yake ina majonzi?"

"Anasubiri neno langu. Sijalitoa."

"Kwa nini?"

Nikaanza kumpangia sababu. Baridi. Ukungu. Rasharasha ya kutwa kucha isiyojua kukoma. Nikamwambia unyevu wa kule umezidi mpaka miti imeota ndevu.

"Ndevu," akasema.

"Za kijani, mama."

Akanyamaza. Na huyu ndiye aliyenifundisha mimi kunyamaza, kwa hiyo nilijua kinachokuja si kidogo.

"We mwana," akasema, "siku unaniaga kuja huku, nilikuuliza hali ya hewa?"

"Hukuuliza."

"Nilitaka ubaki. Nilijifungia chumbani nikalia, nikanawa uso, nikatoka nikakupangia sanduku. Haya, kanywe chai yako." Akakata simu.

Miaka yote hiyo sikujua kama alilia. Nilichokumbuka mimi ni kwamba siku ile alinigombeza kwa kuchelewa kuoga. Chai sikuinywa. Nikampigia binti yangu, naye akapokea hapo hapo, nyuma yake nasikia maji yanadondoka kwenye majani.

"Umekasirika?" akauliza kwa Kiingereza chake.

"Sana. Saini hiyo kazi."

Nikasikia ameangusha kitu.

"Umenisikia? Nimekupa baraka zangu zote. Na hizo soksi zilizolowa uzianike, usije ukaugua kifua."

"Mama," akasema, safari hii kwa Kiswahili, "huku hakuna kitu kinakauka."

Nikalia pale pale, mbele ya mashine ya kahawa na watu wote, nikamwambia nyumba itanishinda bila yeye.