Mama Laini na Sauti ya Msimu wa Pili

Mama Laini alitazama tamthilia kwa mgongo, na si utani. Kila Jumapili saa kumi alasiri, watu wa nyumba yake walipojipanga kwenye makochi kama mahakimu, yeye alisimama nyuma yao kwenye meza ya kupigia pasi, runinga ikiwa kisogoni, akinyoosha mashati ya wiki nzima. Mumewe alishachoka kumwambia ageuke.

"Unakosa uhondo, mama," binti yake alimwambia siku moja. "Huyu kaka anaingia na kisu!"

"Najua ana kitu. Amesimama nje ya mlango akahema mara mbili. Mwenye mikono mitupu hahemi vile."

Kazi ndiyo iliyomlea hivyo. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa akiunganisha simu kwenye swichibodi ya ofisi ya maji, katika chumba chembamba chini ya ngazi, na feni moja iliyolalamika kuliko wateja na mashine yenye taa arobaini. Taa ikiwaka, kuna mtu. "Subiri nikupe laini," alimwambia kila mmoja, na hapo ndipo jina lilipotoka. Hakuuliza nani anapiga. Mkurugenzi, fundi bomba, mteja aliyekauka koo kwa kutukana, wote aliwajua kwa "halo" ya kwanza. Waliojaribu kubana pua ili wasijulikane aliwasalimia kwa majina yao na kuwaulizia watoto. Lakini sokoni alipishana na watu hao hao bega kwa bega asiwatambue, mpaka wafungue kinywa kuuliza bei ya vitunguu.

Redio ndogo ya mji ule ilikuwa na kipindi cha Jumatano saa saba mchana, ambapo wasikilizaji walipiga simu kuchambua tamthilia. Mama Laini alipiga mara moja tu, akasema maneno yake mawili matatu, mtangazaji akamng'ang'ania kama kupe. Tangu hapo alipewa dakika kumi za kila wiki. Alizitumia pale pale chini ya ngazi, saa ya chakula, msaidizi wake akishika swichibodi, na kwa simu yake mwenyewe. Simu ya ofisi, alisema, si mali ya mama yake.

Tamthilia iliyowashika watu wakati huo iliitwa *Ukuta wa Kati*. Ilihusu familia mbili zilizogawana ukuta mmoja na uadui wa miaka ishirini. Katikati yao alikuwepo Bi Ufunguo, mama mjane aliyetembea na funguo za vyumba vyote kiunoni na siri za pande zote mbili kifuani. Msimu wa kwanza uliisha Bi Ufunguo akipanda basi bila kumuaga mtu. Kwa miezi minane watu waliulizana kwenye foleni za benki: amekwenda wapi yule mama?

Msimu wa pili ulipoanza, alirudi. Amekonda kidogo, funguo zile zile, mlango ule ule. Akavua viatu kizingitini, akasema, "Nimerudi nyumbani kwangu."

Mama Laini aliiacha pasi juu ya shati. "Huyu ni nani?"

"Bi Ufunguo, nani tena?"

"Siye."

"Mama, geuka basi uone!"

Akageuka. Uso ulikuwa ule ule, na lile doa jeusi karibu na sikio. Akafumba macho. Siye.

"Labda ana mafua," mumewe akasema.

"Mafua hukaa puani. Yule alivuta pumzi kabla ya kuanza kusema. Huyu anavuta katikati ya maneno."

"Na shati langu linavuta moshi!"

Lilikuwa limeungua kola. Mumewe alilalamika mpaka usiku ukaingia, lakini mkewe hakuwa naye tena. Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote nyumbani. Siku kumi kabla ya hapo, mke wa mkurugenzi alipiga simu kazini, na Mama Laini akamuunganisha na idara ya manunuzi, akidhani ni yule mwanamke anayewauzia karatasi. Ofisi nzima ilicheka. Yeye alicheka nao, kisha akaketi akiitazama mashine kwa muda. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Fundi ana mkono wake, mpishi ana ulimi wake, yeye alikuwa na sikio. Sikio likiondoka, pale chini ya ngazi atabaki nani? Kwa hiyo swali lililomkosesha raha halikuwa la runinga peke yake. Ama yule mama amebadilika, ama sikio limebadilika.

Akalichambua kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Sura ni moja. Sauti ni mbili. Watengenezaji si wajinga, hawawezi kubadilisha sauti ya mtu bila sababu. Basi sababu imo ndani ya hadithi! Jumatano ilipofika aliwaambia wasikilizaji bila kutafuna maneno.

"Aliyerudi siye Bi Ufunguo. Ni mtu mwingine aliyevaa sura yake, na mimi nasema ni pacha. Msimu huu wote mtaona tunategua kitendawili hicho."

Mji ukawaka. Kwenye saluni za nywele watu walibishana mpaka wateja wakaondoka nusu kichwa. Mmoja alikumbuka kwamba Bi Ufunguo wa zamani alishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Mwingine akaapa kwamba funguo zilikuwa saba, sasa ni sita. Mtangazaji alishindwa kuzipokea simu zote.

Lakini sehemu ya tatu ikapita, ya nne, ya tano, pacha hakuonekana. Katika sehemu ya sita, mtoto wa Bi Ufunguo alimuuliza mama yake alipataje kovu la gotini, naye akamweleza siku, mahali na jiwe lenyewe, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Pacha akafa kabla ya kuzaliwa. Na kama hiyo haikutosha, kampuni iliyotengeneza tamthilia ikatoa tangazo: Bi Ufunguo ni mmoja, mwigizaji ni mmoja, na asiyesikia vizuri awaone madaktari wa masikio.

"Mama yangu," mtangazaji akampigia, "Jumatano sema tu uliteleza. Tutacheka, tutasonga mbele."

Ofisini, dereva wa gari la mkurugenzi aliingiza kichwa mlangoni. "Shikamoo, Mama Laini! Au nirudie, maana huenda aliyesalimia ni pacha wangu?"

"Marahaba. Nenda kamuoshee bosi gari, na pacha wako akusaidie."

Alimjibu haraka, kama kawaida yake. Lakini tangazo lile lilimfuata mpaka nyumbani.

Jumamosi alimwita binti yake. "Nitafutie humo kwenye simu vipande vya Bi Ufunguo. Kumi vya msimu wa kwanza, kumi vya pili. Vichanganye. Usinionyeshe. Mimi nitasema, wewe andika."

Akaketi akiutazama ukuta. Binti akacheza vipande vile, vingine vya sekunde tatu tu. Wa kwanza. Wa pili. Wa pili. Wa kwanza. Walipomaliza, binti alihesabu mara mbili, kisha akamwita baba yake naye ajaribu. Baba alipata kumi na moja.

"Na mama?"

"Ishirini," binti akasema, na safari hii hakucheka.

Mama Laini alishusha pumzi aliyokuwa ameibeba kwa wiki sita. Sikio lipo. Basi yule mwingine ni nani? Woga ulipotoka, udadisi ulipata nafasi ya kujinyoosha.

"Kirudie kile cha saba."

Binti akakirudia. Bi Ufunguo alikuwa mbele ya polisi: "Samahani kwa usumbufu, lakini sitaondoka... mpaka nijibiwe."

"Tena."

Alikisikia mara tano, na mara ya tano akasimama. Sauti ile ilishawahi kumwambia maneno karibu na hayo hayo, sikioni, na haikuwa kwenye runinga.

Jumatatu asubuhi alifungua daftari la malalamiko ya simu. Kila aliyelalamikia maji aliandikwa humo, tarehe, mtaa, tatizo, namba, na pembeni Mama Laini aliweka alama zake mwenyewe zilizowasaidia mafundi kujua wanakokwenda: *mkali*, *amelewa*, *analia*, *ana mbwa*. Alirudi nyuma ukurasa baada ya ukurasa, miezi kumi na minne, mpaka kidole kikasimama. *Mpole, haondoki.* Mwalimu wa chekechea. Bomba kavu siku nane. Alipiga simu siku tano mfululizo, na hakuinua sauti hata siku moja.

Namba ya mteja ni kwa mambo ya maji. Hiyo ilikuwa kanuni, na yeye ndiye aliyewafundisha wasaidizi wote kanuni hiyo. Alikunywa chai kikombe kizima akiitafakari. Kisha akapiga.

"Halo, ofisi ya maji hapa. Tunaulizia kama maji yanatoka vizuri."

"Yanatoka tangu mwaka jana... mama. Asanteni."

Pumzi ilivutwa katikati ya maneno. Mama Laini alilifunga daftari.

"Nashukuru. Na hongera kwa Bi Ufunguo."

Upande wa pili watoto walikuwa wakihesabu kwa kuimba. Mlango ukafungwa, wimbo ukazimika.

"Nani amekwambia?" mwalimu aliuliza kwa kunong'ona.

"Wewe mwenyewe. Sasa hivi."

Kisha mwalimu akaeleza, kama mtu aliyechoka kushikilia mlango. Mwigizaji alifanyiwa upasuaji wa koo wiki tatu kabla ya kurekodi. Sauti yake ilibaki kama karatasi inayochanwa. Kampuni ilitaka Bi Ufunguo afe huko huko alikokwenda na basi. Mwigizaji akalia, akamkumbuka rafiki yake wa chuo cha ualimu, yaani mwalimu mwenyewe, aliyeigiza naye wakiwa wasichana. Basi huyu akaweka uso, huyu akaweka sauti. Kwa siku arobaini mwalimu alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha, vipokea sauti masikioni, akiifuata midomo ya mwenzake.

"Na jina lako? Mbona sijalisikia binti yangu akilisoma mwishoni mwa tamthilia?"

"Halipo. Nilitia saini. Nisiseme na nisitajwe. Ikijulikana, mikataba yetu yote miwili inakufa."

"Hata kwa herufi za sisimizi halipo?"

"Halipo."

"Mpishi wao yupo! Dereva wao yupo! Aliyewapaka poda yupo!"

"Najua, mama."

Na wanastahili kuwepo, mpishi na dereva na aliyepaka poda. Kazi ni kazi. Lakini mtu ameubeba msimu mzima kooni mwake, watu wanalia na kucheka kwa pumzi yake, halafu anaambiwa apite mlango wa nyuma kama mwizi. Mama Laini alikasirika hivi kwamba taa tatu ziliwaka mbele yake asizione.

"Nilisikia ulivyosema redioni," mwalimu akaendelea, "na walivyokucheka. Nilitaka kupiga kukutetea. Nikaogopa."

"Ungepiga ningekujua."

Wakacheka wote wawili, ghafla, kama watu waliosoma darasa moja.

"Ukitaka kusema, sema," mwalimu alisema. "Siwezi kukuzuia. Ila mwenzangu anajifunza kuongea upya. Daktari amempa miezi sita."

Jumatano saa saba ikafika. Mama Laini alifunga mlango wa chumba chake na kuzima feni. Alijua kwamba jina moja tu lingetosha. Kampuni ingeumbuka, dereva wa mkurugenzi angekuja kuomba radhi kwa magoti.

"Haya, mama yetu," mtangazaji akaanza, na sauti yake ilikuwa tayari inacheka. "Yuko wapi pacha?"

"Pacha hayupo. Hilo nilikosea, nawaomba radhi."

Studioni wakapiga tarumbeta ya mzaha.

"Na sauti? Ulisema si ya Bi Ufunguo."

"Niliyoisikia ni sauti ya Bi Ufunguo," alisema polepole. "Huyo ndiye Bi Ufunguo wa msimu wa pili. Hakuna mwingine."

"Kwa hiyo lile sikio maarufu..."

"Sikio lina miaka hamsini na saba, mwanangu." Aliwaacha wacheke mpaka waridhike. "Mmemaliza? Bado nina dakika saba. Msimu huu una kasoro. Ugomvi wa kisima umevutwa sehemu tatu, ungetosha moja. Yule mdogo mtu anadhani kuigiza ni kupiga kelele. Muziki unawafunika watu wakisema jambo la maana. Lakini Bi Ufunguo! Msimu wa kwanza alizitoa siri kama mtu anayerusha mawe. Sasa anaanza kusema, anasita katikati, anavuta pumzi, na unamsikia mtu mzima akiamua kulimeza neno. Nimesikiliza watu kwa miaka ishirini na tisa. Kufanya hivyo ni kazi kubwa. Aliyeifanya nataka ajue kwamba amesikiwa. Na ile orodha ya majina mwishoni, niwaambie ukweli, ni fupi kuliko kazi iliyofanyika."

"Fupi kivipi, mama?"

"Waulizeni walioiandika."

Muda ukaisha. Akawasha feni, akavaa vipokea sauti vyake. Mlango ukafunguka, kichwa cha dereva kikaingia, na nyuma yake wengine wawili wakisukumana.

"Mama Laini, tumesikia wenyewe! Kwa hiyo ni kweli sikio limezeeka?"

Aliwatazama.

"Limezeeka, baba," alisema. "Ongea kwa nguvu nikusikie."

Dereva alipiga kofi mlangoni kwa furaha, akapanda ngazi mbili mbili kuwapelekea wa juu habari. Mama Laini akamwacha aende nayo, akapokea taa iliyokuwa inawaka.