Samaki Waliokuwa Nauli ya Dada

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka kwetu Wambaa, hapa Pemba, kwenda Chake Chake tu hunichosha mpaka nikalala mchana. Kwa hiyo mama aliposema mimi ndiye wa kwenda Ufilipino, ukoo mzima ulishika mbavu.

Dada yangu mdogo ameolewa huko. Alikutana na mumewe Uarabuni, wote wawili wakifanya kazi za majumbani. Mume akasilimu, akampeleka kwao, kisha mwenyewe akarudi kazini. Sasa macho ya mama yanaingia ukungu, akataka amwone bintiye kabla hayajaziba kabisa. Dada alikuwa tayari kuja, lakini mama akashikilia: mtoto wa kike hapiti nchi zote hizo bila maharimu wake, mwanamume wa damu yake. Basi karafuu za msimu ule zikanikatia tiketi mimi, mfuataji. Tiketi ya dada ingetoka kwenye perege anaowafuga ziwani na mkwewe.

Mji wenyewe uko juu milimani, nyumba za mabati zimebanana ukingoni, na ziwa limejaa vizimba vya mianzi. Baridi yake, jamani! Nilivaa sweta juu ya sweta, na kikoi nikajifunga shingoni. Mkwewe, bibi mfupi mwenye ulimi mrefu, aliniangalia juu mpaka chini, akasema kitu.

"Anasemaje?" nikamwuliza dada.

"Anasema, huyu ndiye mlinzi wangu? Na yeye nani atamlinda?"

Zilibaki siku chache kabla ya kuvua. Alfajiri moja nikashuka ziwani kutia udhu, nikakuta samaki wote wako juu ya maji, midomo wazi. Kwetu pwani, samaki wakijileta namna hiyo ni riziki ya kila mtu: unapiga ukelele, watu watoke na vikapu, anayewahi achukue. Nikapiga ukelele.

"Samaki hao! Tokeni! Samaki!"

Nikaingia majini na masweta yangu, nikawachota kwa ndoo huku nacheka, na dada nikamwita alete beseni. Alikuja mbio, mikono mitupu.

"Kaka, unacheka nini?"

"Alhamdulillahi, si wamejileta wenyewe!"

"Wanakufa, kaka. Baridi imeyapindua maji, ya chini yamekuja juu. Hawana pumzi."

Kufika adhuhuri ziwa lilikuwa jeupe kwa matumbo ya samaki. Kila nyumba ilikuwa na perege wa kuuza, kwa hiyo hapakuwa na wa kununua. Majirani, waliopoteza kama sisi, wakaanza kuniigiza nilivyokuwa nikirukaruka na ndoo. Wakacheka huku wanafuta machozi. Mkwe wa dada ndiye aliyeniigiza vizuri kuliko wote, hata kikoi alijifunga.

Usiku dada akaniwekea sahani.

"Kula, kaka. Unakula nauli yangu."

Nikala. Walikuwa watamu pia, wallahi.

"Ile tiketi ya karafuu ingekatwa kwa jina langu," akasema, "saa hizi niko na mama."

Nikajitia kuchambua miba. Siku ya kuondoka hakunisindikiza, alikuwa anazoa samaki waliooza.

Nyumbani, mama alikuwa ameketi mlangoni tangu asubuhi; sikuwa nimethubutu kumpigia simu kumwambia narudi peke yangu. Nilikuja na binamu yangu aliyenibebea begi, na mama akasikia nyayo za watu wawili. Akanyoosha mikono, akaukamata wangu, akaubusu.

"Mwanangu! Mbona mikono laini hivi? Kumbe huko hawakutumikishi?"

"Ni mimi, mama."

Akauachia. Akageuza uso kuelekea kwa binamu.

"Na huyu?"

Binamu akajitaja. Mama akanigeukia tena.

"Basi wewe ulikwenda kufanya nini?"

Nikamshika mkono nimwingize ndani. Akauchomoa, akaingia mwenyewe akipapasa ukuta.