Mzee Aliyekataa Kufa Februari

Tarehe 14 Novemba 1997, katika ofisi ya mthibitishaji wa mikataba mjini Drăgășani, Steliana Gurgu alitia sahihi mkataba wa kumtunza Pantelimon Zota, mstaafu wa reli aliyekuwa na miaka sabini na minane. Jambo hili limethibitishwa: nakala ya mkataba imehifadhiwa, sahihi zote mbili zinasomeka, na ya mzee ndiyo iliyonyooka zaidi.

Mikataba ya namna hiyo ilikuwa mingi miaka ile. Mzee asiye na mtoto huandikisha nyumba yake kwa jina la mtu mwingine, na mtu huyo huahidi kumlisha, kumwogesha, kumwashia moto, kumtibu na hatimaye kumzika kwa heshima zote za kanisa. Mzee hubaki na haki ya kuishi humo mpaka afe. Akiachwa bila matunzo huenda mahakamani, na nyumba hurudi kwake. Steliana alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Kiwanda cha viatu alichokifanyia kazi tangu usichana kilikuwa kimefungwa, naye alikuwa akilala kwenye benchi la jikoni kwa dada yake. Alisaini bila kusita. Kifungu cha mwisho, kilichomtaka awatunze pia wanyama wa nyumba hiyo hadi mwisho wa uhai wao, alikiona cha kawaida. Alidhani kinahusu kuku na paka.

Mnyama wa tatu alikuwa chini ya udongo wakati huo. Alichomoza mwezi wa Aprili, karibu na shina la mgutui, mti wa matunda wa bustanini, akiwa na matope mgongoni na macho ya mtu aliyeamshwa kwa lazima. Alikuwa kobe mkubwa wa vilima vya upande ule. Pantelimon alimwita Mkuu wa Mkoa.

"Kwa nini Mkuu wa Mkoa, mjomba?" Steliana aliuliza. Hawakuwa ndugu, ila alimwita mjomba kwa adabu, kama alivyoitwa na mtaa mzima.

"Kwa sababu anatokea mara moja kwa mwaka, anakula stroberi zote, halafu anajichimbia na humwoni tena."

Mzee alikuwa na kengele ya shaba aliyopewa alipostaafu kutoka stesheni. Aliitikisa alipotaka maji, alipotaka mto wake ugeuzwe, na mara nyingi alipotaka kujua tu kama kuna mtu. Steliana aligundua mapema mipaka ya kengele ile. Ilisikika hadi kwenye uzio wa nyuma, hadi kisimani, na upande wa barabara ilisikika hadi kwa jirani yao, Mama Veta Trocan. Haikusikika sokoni. Haikusikika kwenye Nyumba ya Utamaduni, ambako Steliana alikuwa akienda kila wiki kwenye kikundi cha waandishi, mahali pekee ambapo mtu alikuwa amewahi kumwambia kwamba ana kipaji. Mara ya kwanza alipokwenda huko baada ya mkataba, alirudi akamkuta mzee ameketi sakafuni kando ya kitanda, amekumbatia kengele, analia kwa hasira. Hakwenda tena.

Kiongozi wa kikundi, mwalimu Costin Deleanu, alimpelekea ujumbe kwamba mwandishi haandiki kwa kwenda mbali, huandika kwa kutazama. Steliana aliniambia kwamba ushauri huo ulimchoma, kwa kuwa uliletwa na mtu aliyeweza kwenda popote. Hata hivyo aliufuata, maana hakuwa na kingine cha kutazama. Alikaa kwenye kigoda chini ya mgutui na kuandika habari za mzee wa kubuni aitwaye Nichifor, aliyeishi peke yake na kobe. Majira ndiyo yaliyompa mpangilio. Kobe alipoamka, hadithi ilianza. Paka alipozaa ndani ya kikapu cha kuvunia zabibu, Nichifor naye alipata paka. Magutui yalipoiva, yale matunda magumu ya manjano ambayo kwetu hupangwa dirishani ili chumba kinukie wakati wa baridi, Nichifor aliyapanga dirishani kwake. Theluji ilipofika, Steliana aliona kitabu kinakwisha, akamalizia jinsi alivyoona inafaa. Mwalimu Deleanu alizisoma sura za mwanzo, akazipeleka kwa mchapishaji mmoja wa Craiova, na jibu likaja: walete kitabu kizima.

Katika Oktoba ya 1999 Pantelimon alijifanyia karamu ya ukumbusho angali hai. Desturi hiyo ni yetu sisi watu wa jimbo la Oltenia, na wageni huicheka. Mtu hupika ngano tamu ya marehemu, huwasha mishumaa, huita padri na majirani, hugawa taulo na vyungu, kisha hukaa mezani akala karamu yake mwenyewe, ili ahakikishe haikufanywa kwa ubahili. Jiwe la kaburi alikuwa nalo tayari. Lilichongwa jina lake, mwaka 1919, kistari, kisha 19, na nafasi ya tarakimu mbili.

Majirani walipokwisha kula vitoweo vilivyofungwa kwa majani ya kabichi, na pombe ya plamu ilipozunguka mara za kutosha, mzee aligonga meza.

"Steliana, soma hiyo hadithi yako. Wamekula, sasa wasikie."

"Ni ndefu, mjomba."

"Mimi leo ni marehemu. Nina haraka gani?"

Walicheka, naye akaleta karatasi zake. Alikusudia kuishia pale kobe anapojichimbia, maana alijua kinachofuata. Alisoma vizuri. Padri aliacha kutafuna. Steliana aliponyamaza, Mama Veta alimgeukia na kumwonyesha uma.

"Halafu? Usituache mdomo wazi, mwanangu. Huyo mzee anaiona Pasaka au haioni?"

"Bado sijaamua, mama."

"Karatasi nazo zimebaki mkononi! Hujaamua nini?"

"Endelea," mzee akasema.

Akaendelea. Nichifor alikufa mwezi wa Februari, kwenye kiti cha dirishani, gutui mkononi, huku kobe amelala chini ya theluji asijue lolote. Aliniambia kwamba alipoinua uso alitarajia kuona machozi. Aliona majirani wakitazama sahani zao.

"Februari!" Mama Veta akanong'ona, lakini hakuwa mtu wa kunong'ona. "Hata Kwaresima haijaanza."

"Huyo Nichifor amevaa kofia yangu," Pantelimon alisema.

"Ni mtu wa kubuni, mjomba."

"Ana kofia yangu, ana kikohozi changu, ana kobe wangu. Cha kubuni ni kifo tu?"

"Mjomba..."

"Nimempa mwanamke nyumba yangu ili anitunze. Yeye anakaa bustanini kwangu, chini ya mti wangu, anapanga mwezi wa kunizika. Hakimu akisomewa hizo karatasi atasema nini?"

Wanasheria wawili niliowauliza wanaamini kwamba hakimu asingesema kitu, kwa sababu mzee alikuwa akilishwa na kuogeshwa vizuri kuliko wengi wenye watoto. Lakini Steliana hakuwa na mwanasheria, wala kitanda kingine duniani. Wageni walipoondoka na taulo zao, alisimama mlangoni mwa chumba cha mzee.

"Unataka niichome?"

"Nani kasema uchome? Imenoga. Mfufue tu."

"Ameshakufa, mjomba. Kitabu kimekwisha."

"Basi hakijaisha. Na tena kufa huku kobe wake amelala, bila hata kuagana! Hiyo ni roho mbaya."

Hivyo Nichifor aliamka. Ilipofika Machi, pale ambapo kila mtu huchagua siku moja kati ya tisa za mwanzo ili hali ya hewa ya siku hiyo imtabirie mwaka wake, Nichifor alichagua ya tisa, kama alivyofanya Pantelimon maisha yake yote, kwa hesabu kwamba kufikia hapo jua huwa limetoka. Kobe alipochomoza, mzee wa kubuni alimpa jani la kwanza la kabichi. Steliana alidhani sasa ameruhusiwa kumaliza. Mzee alisikiliza sura ile macho yamefumbwa, kisha akasema kwamba mgutui unakaribia kuchanua, na hakuna mtu mwenye akili anayekufa mgutui ukichanua. Ulipochanua, alikumbusha kuhusu stroberi. Baada ya stroberi zilikuja plamu, baada ya plamu mavuno ya zabibu, na kobe alipojichimbia, Steliana alijikuta amefika tena ukingoni mwa Februari ileile, na mahakama imekaa upande wa pili.

Mwalimu Deleanu alikuja mwenyewe langoni katika kiangazi cha mwaka uliofuata. Hakuingia, mzee alikuwa hampendi.

"Steliana, mchapishaji anauliza. Mwisho uko wapi?"

"Uko ndani, unakunywa supu."

"Sitanii."

"Na mimi pia, mwalimu."

"Andika mwisho wowote, basi! Mtumie, huyu babu hatajua."

Kengele ikalia. Kisha sauti ikafuata kutoka dirishani: "Mwambie babu anajua! Na mwambie afunge lango, Mkuu wa Mkoa atatoka!"

Mchapishaji aliuliza tena mwaka mmoja baadaye, kisha hakuuliza. Kitabu kilizidi kukua. Steliana alichukia kila sura kabla ya kuiandika. Alijaribu kuiandika vibaya ili mzee achoke, lakini mzee alikuwa msikilizaji mgumu. Alirudisha sura nzima kwa sababu nyuki walitajwa siku ya upepo. Alimwita kwa kengele, Steliana akidhani anataka maji, kumbe anataka kumwonyesha jinsi paka anavyotembea juu ya theluji, anainua mguu, anautikisa, anaonekana kama amedhulumiwa. "Hiyo mpe Nichifor," alisema. Nimezisoma sura zile kwa mpangilio wa kuandikwa kwake. Zile za mwanzo, alizoziandika kwa hiari, zina maneno mengi kuhusu uzuri wa maua. Za baadaye hazina neno uzuri hata mara moja, na mtu anaisikia harufu yenyewe. Nilipomweleza hivyo, Steliana aligeuza uso.

"Mfungwa anazijua kuta zake," alisema. "Usimsifu kwa hilo."

Kabla ya hayo, mwaka 2000 ulipoingia, Mama Veta alipiga kelele juu ya uzio: "Mjomba, jiwe lako limepitwa na wakati! Sasa kufa huwezi, mpaka umlipe fundi upya!" Mzee alilifurahia jambo hilo kuliko zawadi yoyote. Alimtaka Steliana amchongee Nichifor jiwe lenye kosa lilelile. Steliana alilichonga, kwenye karatasi.

Katika vuli ya mwaka 2006 kengele ilianza kulia mara chache, kisha ikanyamaza. Steliana aliniambia kwamba ukimya ule ulimfunga kuliko mlio, kwa kuwa sasa hakuthubutu kufika hata kisimani. Alasiri moja mwishoni mwa Oktoba mzee alifumbua macho.

"Mkuu wa Mkoa ameshaingia?"

"Leo asubuhi, mjomba. Chini ya mgutui, palepale."

"Nichifor alimwona akiingia?"

"Alimwona."

"Basi wameagana. Sasa anaweza kufa."

Steliana alimvutia blanketi hadi kifuani.

"Andika. Ila mara hii uandike vizuri. Ile ya kwanza ulinizika kama mtu anayewahi treni."

"Siandiki."

"Unakataa?"

"Nakataa, mjomba."

"Ala! Kwa hiyo sasa ndiyo nikushtaki kwa kuniweka hai?" Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na Steliana akamwinua na kumnywesha maji.

Pantelimon Zota alifariki tarehe 2 Novemba. Alizikwa kama mkataba ulivyotaka. Fundi aliigeuza ile 19 ya jiwe kuwa 20 kadiri alivyoweza, na hadi leo inaonekana kama tarakimu moja imekalia nyingine.

Mwisho wa hadithi upo. Ni kurasa nne, bila tarehe. Nichifor anakaa kwenye kigoda alasiri ya mapukutiko, anautazama mgongo wa kobe ukizama udongoni kidogo kidogo, na mgongo unapotoweka, naye hayupo tena. Steliana hakuupeleka kwa mtu yeyote. Nilipomuuliza sababu, katika Mei ya 2011, aliniongoza bustanini badala ya kujibu. Kobe alikuwa kwenye tuta la stroberi.

"Hadi mwisho wa uhai wao," alisema. "Nilidhani ni kuku na paka."

"Hakuna wa kukushtaki sasa, dada."

"Najua." Aliinama akamwondolea kobe tope shingoni. "Juzi nilifika hadi kwa Veta. Nikasimama pale, miguu ikagoma. Nikarudi kuangalia kama lango limefungwa."

Umri wa kobe yule haukuandikwa popote. Pantelimon alimkuta akiwa tayari mkubwa. Kuhusu zile kurasa nne, Steliana anashikilia kwamba aliziandika baada ya arobaini ya marehemu, na kwamba mzee alikufa bila mwisho wowote. Mama Veta anashikilia kwamba siku mbili kabla ya kifo, dirisha likiwa wazi, aliisikia sauti ya Steliana ikisoma habari za kigoda na mgongo wa kobe, na sauti ya mzee ikisema, "Polepole." Nimewahoji wote wawili mara mbili, kila mmoja peke yake, na hakuna aliyebadilisha neno. Haijulikani kama Pantelimon Zota aliusikia mwisho huo.