Shujaa wa Koti la Ngozi

Fundi Meno hakuwa daktari, na alikwishachoka kuwaeleza watu. Daktari ndiye aliyeng'oa. Yeye alikaa chumba cha nyuma, mbele ya taa na kioo cha kukuzia, akichonga meno ya bandia kwa nta na kuyatafutia rangi hadi mgonjwa mwenyewe asahau lipi alizaliwa nalo na lipi alilinunua. Mtu mwenye macho na subira ya namna hiyo, alipoanza kukusanya sanamu za mashujaa, hakushangaza wengi. Hazikuwa za kuchezea watoto, bali zile za bei, zenye viungo vinavyokunjika kuanzia shingo hadi kifundo cha mguu, zinazouzwa pamoja na viganja vya akiba na nyuso mbili mbili.

"Mtu mzima na midoli," mama mkwe wake alisema. "Haya, bora kuliko ulevi."

Zake zilikuwa za kipimo cha moja kwa kumi na mbili, yaani hazifiki shubiri moja toka unyayo hadi utosi. Hakukurupuka. Rafu ya juu ya televisheni ilikuwa nyembamba, na kwa bei ya sanamu moja kubwa, ya moja kwa sita, angepata wanane wadogo. Tena aliamini vipimo havichanganywi: ukimsimamisha mkubwa katikati ya wadogo, rafu nzima inageuka darasa la chekechea na mwalimu wao. Basi akaridhika. Miaka mitano, mashujaa thelathini na mmoja, na hakuna mtu nyumbani aliyekosa sabuni kwa ajili yao.

Kasheshe ilianza siku alipomwonyesha wifi yake.

Wifi alikuwa dada mdogo wa mumewe, karani wa bima, hana wa kumlilia maziwa wala karo. Fundi Meno ndiye aliyemfundisha kutofautisha rangi ya brashi na rangi ya mashine, na kupasha kiungo joto kabla ya kukikunja. Wifi alisikiliza kwa adabu zote. Mwezi uliofuata akaingia na sanduku linalotosha buti za mwanajeshi.

Ndani yake alilala shujaa wa moja kwa sita. Alikuwa na koti la ngozi lenye zipu inayofunguka kweli, vifungo kama punje za mtama, na macho yenye unyevu ambayo ungedhani yatapepesa.

"Nimeona nisihangaike na vidogo," Wifi alisema. "Nianze na cha maana."

"Hongera, wifi yangu," Fundi Meno alijibu, akaenda jikoni akaosha kikombe kimoja mara tatu.

Tangu hapo hakukalika. Wifi alinunua wa pili, akanunua wa tatu, na kila mara alituma picha. Fundi Meno alizitazama kazini, mkononi ana mfano wa kinywa wa plasta, roho ikimchoma kama pilipili iliyoingia jichoni. Alichukua karatasi akapiga hesabu ya kuuza wanane apate mmoja. Atamuuza nani? Alishusha wanane, akawarudisha watano, akawarudisha wote. Hata angepata hela, jitu lingehitaji rafu pana, na rafu pana ingeziba dirisha. Kila alipojumlisha, wadogo walishinda. Na kila alipomaliza kujumlisha, bado alilitaka lile koti.

Siku moja Wifi alikuja amefura. Shujaa wa koti alikuwa ameanguka kutoka kabatini, kifundo cha mkono kimekatika.

"Wifi, wewe ndiye mwenye mikono. Nisaidie."

Fundi Meno alimpokea kwa mikono miwili. Kazini, wakati wa mapumziko, alitoboa tundu jembamba kama unywele, akatia pini ya chuma, akajaza utomvu wa kuzibia meno, akasugua, akapaka rangi. Saa moja tu. Mkono ulikuwa imara kuliko ule mzima.

Akampeleka nyumbani kwake, akamsimamisha mezani kando ya kitanda. Wifi alipopiga simu, akajikuta anasema, "Bado, mpenzi. Kuna kipande nakisubiri."

Wiki ya pili, kipande bado. Wiki ya tano, kipande kimepotea njiani. Mumewe, ambaye hakujua lolote, alikuwa akimpangusa vumbi yule shujaa kila Jumamosi pamoja na redio.

Njia ya mwongo ni fupi. Wifi alipita bila taarifa kuleta dawa za mama yao, akauliza, "Kaka, ule mkono wangu vipi?"

"Si ulipona zamani? Tangu mwezi juzi yupo pale mezani."

Fundi Meno alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Alitamani sakafu impokee. Wifi akaingia chumbani, akamchukua sanamu wake, akamkunja mkono, akamkunjua. Hakufoka. Ingekuwa nafuu angefoka.

"Ungeniomba tu, wifi," alisema. "Ningekuachia."

"Nisamehe. Niliona kama…"

"Ulimwona wako," Wifi alimmalizia, akatoka na sanduku kwapani.

Siku kumi baadaye Fundi Meno alimwona tena yule shujaa, safari hii kwenye kundi la simu la wakusanyaji. Picha nne, na maneno: *Mkono umefanyiwa kazi na fundi, huwezi kujua upi.* Bei ilikuwa juu kuliko ya dukani, na tayari mtu amemchukua. Wifi alitaka kununua jitu la moja kwa nne, la kufika gotini.

Fundi Meno alipiga simu. "Mbona hukuniambia unamuuza?"

"Ungenipa bei ya wifi," Wifi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akacheka. "Lakini usinune. Watu wanne wameniuliza fundi ni nani. Nimewapa namba yako."

Na kweli walimtafuta. Sasa kila wiki huletewa majitu ya watu, ya viwiko vilivyolegea na shingo zilizokatika, naye huyatengeneza chini ya taa ileile ya meno. Hununua wadogo wake kwa ujira huo, wamefika arobaini. Kuna majitu mengine huja na majoho ya hariri, naye huyapapasa zaidi ya kazi inavyodai. Ndipo humwita mumewe, amwandikie juu ya sanduku siku ya kulirudisha, kwa kalamu isiyofutika, na siku hiyo ikifika mumewe hulibeba mwenyewe hadi mlangoni.