Memori Iliyokataliwa

Nzisa wa Nunguni, milimani Makueni, aliolewa na Nyamai, dereva wa trela, na tangu hapo ndoa yao ikawa ya simu. Nyamai hupita Makueni hii hii, pale chini kwenye barabara ya Mombasa, lakini mzigo wa samaki wa barafu haumsubiri mtu apande milima kumsalimia mkewe.

Nzisa mwenyewe hufanyia kazi nyumbani. Kampuni fulani ya vifaa vya kupima baridi ilimpa kazi ya kujaribu programu inayogawa memori, yaani nafasi ya kuwekea data ndani ya mashine. Sehemu nyingine za mfumo zikihitaji nafasi, hiyo ndiyo huiomba mashine na kuzigawia. Je, mashine ikisema nafasi imeisha?

Alhamisi moja aliiwekea mashine kikomo makusudi, akaanza kuiomba programu nafasi. Programu ikapewa na mashine, ikapewa, mwisho ikanyimwa. Ikajibu vizuri kwamba hakuna. Nzisa alitaka kufunga kompyuta akaangalie sufuria ya muthokoi jikoni, lakini roho ikakataa. Akaomba tena, kidogo tu. Akapewa! Alipoandika kwenye nafasi hiyo, kila kitu kikaanguka.

Akafuatilia mstari kwa mstari. Kumbe programu ilisogeza mpaka wa nafasi yake kabla ya kusikia jibu, na iliponyimwa haikuurudisha. Ikawa inagawa kisicho chake.

Mtu wa kwanza aliyetamani kumwambia ni Nyamai.

"Niko Mtito Andei, Mama Mumbua, nakula," Nyamai alisema katikati ya kelele za sahani. Alipoelezwa, akacheka. "Kwa hivyo imeambiwa hapana, ikajipa?"

"Ndivyo, Baba Mumbua." "Hapo mjini Salama utapita saa ngapi?"

"Jioni. Lakini siwezi kupanda huko, unajua."

"Kwani nimekuambia upande?"

Akarekebisha, akajaribu upya. Safari hii ombi dogo nalo likanyimwa, na nafasi zilizogawiwa mwanzoni zikabaki nzima. Akatuma kazi, akavaa sweta, akachukua bodaboda kushuka Salama.

Walikunywa chai wamesimama kando ya trela, wameshikana mikono kama wachumba.

"Mumbua anauliza utakuja lini."

"Mwambie..." Lori lililozuiwa nyuma likapiga honi, Nyamai akarukia usukani.

Trela lilipopotelea kwenye kona, Nzisa aliona kikombe cha mumewe kimebaki nusu. Akakichukua, akainywa ile chai polepole, ingali na joto.