Mwendo wa Egide

Mkwe wangu Egide anaendesha lori lenye tela, anabeba tumbaku kutoka Inyonga. Tela likiwa na mzigo hapitishi kilomita hamsini kwa saa, hata barabara ikiwa tupu. Madereva wenzake wanamwita Bibi Harusi.

Mwezi uliopita mke wangu Annonciata alizidiwa hospitalini Mpanda. Mimi nilikuwa Inyonga shambani na basi limeshapita, nikapanda kwa Egide aliyekuwa akielekea huko na mzigo.

"Kanyaga, mwanangu," nikamwambia.

Akakanyaga. Kwenye mteremko tela likaanza kuyumba, likatuvuta huku na huku. Akina mama waliobeba kuni wakakimbilia porini. Egide hakugusa breki, aliachia pedali ya mafuta polepole mpaka likatulia. Akarudi hamsini.

"Baba, nisamehe. Zaidi ya hapa siwezi."

"Angekuwa mama aliyekuzaa ungeweza."

Akaendelea na hamsini yake hadi Mpanda. Tulimkuta Annonciata ameshafariki.

Tangu hapo Egide akija kwangu Shanwe, hapa Mpanda, haingii ndani, anasalimia mlangoni na kuondoka. Jana nilimfuata kwenye lori.

"Ulienda sawasawa," nikamwambia. "Wale akina mama tungewaua."

Akalia. Mimi neno lile la mama aliyemzaa bado linaniuma, maana nililisema nikiwa nimeshaona tela likiyumba.