Jina Mabegani

Kila asubuhi, kabla hajasalimia mtu, mshonaji aliyeitwa Sindano aliidondoshea cherehani yake mafuta, akaipangusa kwa kitambaa na kuiambia, "Haya bibi, leo tusigombane." Ndipo akawageukia watu. Mafundi wa gereji walishamzoea. "Bibi kaamkaje?" walimuuliza, naye akawajibu, "Kaamka na kiburi, kama nyinyi."

Gereji ilikuwa ya mdogo wake wa kiume. Sindano alikuwa na kona yake karibu na dirisha, akishona viti vya magari. Ni yeye aliyemlea mdogo wake huyo tangu mama yao alipofariki. Zamani alimpangusa kamasi, sasa alimpangusia vumbi kwenye kofia ya mashindano. Maana jamaa alikuwa na ugonjwa mmoja: kila Jumapili alikwenda kushindana kwa magari uwanjani nje ya mji, kwa raha yake tu. Wenzake walimwita Kimbunga.

Mwanzoni alishindana akiwa amefunga mkanda wa kawaida wa gari, ule ule wa kwendea sokoni. Sindano hakupata usingizi wa maana. Alimsema, akamnunia, mpaka Kimbunga akaanza kubadilisha vifaa kimoja kimoja: kofia ngumu iliyomkaa sawasawa, ovaroli isiyoshika moto upesi, mwisho mikanda ya mashindano, ile inayopita mabega yote mawili na kiuno, ikakutana tumboni kwenye kifungo kimoja. Siku mikanda hiyo ilipofungwa garini, Sindano aliingia garini, akajifunga, akajaribu kujitupa mbele kwa nguvu zake zote. Hakusogea. Akacheka peke yake kama mwehu.

"Mizuri," Kimbunga alisema, "ila imepooza. Nishonee jina langu mabegani, dada. Wajue nani anawapita."

Angekataaje? Alichagua uzi mwekundu mnene, akashona herufi zilizojaa, kisha akarudia juu yake ili zisimame vizuri. Madereva wengine walipoziona, kila mmoja alitaka za kwake. Sindano akavimba kichwa. Alitembea uwanjani akitazama mabega ya watu tu.

Kisha gari la Kimbunga likateleza kwenye kona, likagonga ukuta wa matairi. Fundi mkuu wa gereji alisema ameona watu wakitoka kwenye pigo kama lile wakicheka. Lakini mkanda wa bega la kushoto ulikatika, Kimbunga akajipinda na kuangukia usukani. Bega likavunjika. Hata lilipounga, mkono ule haukushika kikombe bila kutetemeka.

Sindano akauchukua mkanda uliokatika, akaupeleka kwenye duka ulikonunuliwa. Njia nzima alinoa ulimi. Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani, aliusogeza mlangoni kwenye mwanga.

"Nani kautoboa huu?"

"Kautoboa vipi?"

"Hebu tazama ulipokatikia." Ulikuwa umekatika katikati ya herufi, ukifuata matundu ya sindano. "Nguvu ya mkanda ni hizi nyuzi zake, mama. Kila sindano inapopita, inakata kadhaa. Aliyeshona ana mkono mzuri kwelikweli, lakini..."

"Ni mimi."

Muuzaji akamsogezea kiti. Baadaye akamwambia taratibu kwamba hata mikanda iliyobaki itupwe. Mkanda ukishabeba pigo umeshavutika, hata jicho lisipoona.

Sindano akaenda kwa madereva aliowashonea, mmoja baada ya mwingine, akiwaomba wabadilishe. Wawili watatu walimsikiliza. Waliobaki walicheka. "Dada, unataka kutuvua majina?"

Aliporudi gerejini, Kimbunga na fundi mkuu walikuwa wametandaza mikanda iliyobaki mezani, pamoja na kipande cha mkanda walichotoa kwenye gari bovu.

"Afadhali umekuja," alisema Kimbunga. "Niunganishie hapa tu. Jumapili narudi uwanjani."

Sindano akamweleza yote, neno kwa neno. Fundi mkuu akacheka puani. "Muuzaji akwambie nini? Anataka tununue!"

"Siyo kona iliyokuumiza, mdogo wangu. Siyo ukuta. Ni mimi."

"Umeanza tena kujilaumu. Dada, nimeshakusamehe. Yameisha."

Hapo ndipo palipomchoma. Alikuwa amemsamehe upesi mno, kama mtu anayefunga dirisha mvua isiingie. Kosa alilisamehe, ila hakuliamini. Sindano akamtazama ule mkono uliokuwa ukitetemeka juu ya meza. Ni yeye aliyemfundisha kushika kijiko kwa mkono ule, maana alipokuwa mdogo alikataa kabisa kutumia wa kulia.

Akachukua mkasi, akaukata mkanda wa kulia, wa kiunoni, na kile kipande.

"We mama!" Fundi mkuu aliruka.

Kimbunga alisimama. "Toka. Toka kabla sijasema neno ambalo sitaweza kulimeza."

"Nunua mipya," Sindano alisema. "Usiandike kitu."

Alipopita mlangoni alimsikia fundi mkuu akisema kwa sauti ya chini, "Usijali, bosi. Washonaji wako wengi mjini." Sindano akapunguza mwendo, akitega sikio, angalau amsikie mdogo wake akikataa. Akasikia kikohozi tu, na nyundo ikianza kugonga bati. Akashika barabara, na hakurudi tena.